Sentimita Kutoka Ardhini

Ofisini, ghorofa ya tatu
4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako bado imelala kwenye ndoo ya rangi ya krimu, na kwa sababu ninachotaka kukuomba kina picha.

Ndani ya bahasha kuna mtaa wenu, umepigwa picha kutoka juu na setilaiti. Usihangaike kutafuta kichwa chako. Hii si picha ya kamera, ni ya rada: mtambo unarusha mawimbi chini, kisha unasubiri kinachorudi. Maji yaliyotulia hayarudishi kitu, kwa hiyo yanatokea meusi. Picha hii ni ya miaka mitatu iliyopita, siku mto ulipofurika. Tazama uwanja wa mpira: mweusi. Tazama bustani za mboga za ng'ambo: nyeusi. Sasa tazama mtaa wenu. Unang'aa mweupe, kama vile siku ile mlikuwa mnaanika nguo.

Tatizo ni mabati. Nyumba zenu zimebanana mpaka paa zinagusana, rada inagonga bati na kurudi juu, haioni kilichopo kichochoroni. Huenda maji yalikuwa kiunoni chini ya mabati hayo na picha isijue. Picha inasema kwenu ni pakavu. Hesabu za mkuu wangu wa kazi zinasema hapana. Wewe wakati ule uliniandikia kwamba yaliingia kidogo yakalowesha mkeka. Nani nimwamini?

Nahitaji mtu mwenye futi. Nyumba kumi na mbili, kuanzia kona ya mto hadi darajani. Tafuta mstari wa tope ukutani, pima kimo chake kutoka ardhini, uniandikie. Ni utafiti tu.

Mbusu Bibi. Mguu unaendeleaje?

Mpwa wako.


Nyumbani
11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Bahasha imefika ikiwa na alama ya kiatu cha mtu wa kaunta ya vifurushi, saizi arobaini na mbili kwa makadirio yangu. Picha nimeipa heshima yake: nimeiweka mezani, nimevaa miwani, nimeigeuza pande zote nne. Bibi yako naye akaitaka. Akaishika mbali, akaishika karibu, akauliza, "Hii ni eksirei ya nani?"

Nikamwambia, "Ni mtaa wetu, mama."

Akasema, "Basi mtaa una kifua kikuu. Upelekwe hospitali."

Mguu ni uleule. Tangu nyonga ivunjike hashuki kitandani mpaka mimi na mama fundi cherehani wa nyumba ya pili tumshike huku na huku, na kila tukimshika anatukosoa. Mdomo ndio uliopona kabisa.

Nimetoka na futi yangu ya chuma kama ulivyoagiza. Mpwa wangu, mistari hakuna. Kuta zote kumi na mbili ni safi. Huku kwetu maji yakishatoka wenye nyumba humwita fundi rangi kabla hawajamwita hata fundi bomba, maana hakuna mpangaji anayeingia chumba chenye mstari wa tope ukutani. Fundi rangi wa mtaa huu unamfahamu. Ni mtu makini, hupaka rangi mikono miwili, mmoja juu ya mwingine.

Sasa niruhusu swali la mtu aliyejisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kukingia rangi sakafuni. Hiyo ramani, mkishaichora, mnaipaka rangi gani? Nauliza kwa sababu rangi ni kazi yangu. Na nani ataitazama?

Mjomba wako,
Brashi.


Ofisini
17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nyekundu, njano, kijani. Nyekundu ni pale maji yanapoweza kupita kimo cha goti. Nani ataitazama siruhusiwi kusema mpaka kazi iishe. Mara iliyopita habari zilivuja, asubuhi yake wenye viwanja wakajaa pale mapokezi wakitaka mstari usogezwe mita kumi, mmoja kaja na mkwe wake mwanasheria. Nikikuambia wewe utamwambia fundi cherehani, na fundi cherehani ana wateja.

Kwangua, Mjomba. Tope halijaenda popote, liko chini ya rangi yako. Na hata ukikosa tope, wewe ndiye uliyelifunika; unajua lilipokuwa kuliko mtambo wowote unaozunguka huko juu. Pima kutoka ardhini, si kutoka kwenye kizingiti wala barazani. Wengi hukosea hapo.

Nahitaji vipimo kabla mwezi haujaisha. Na niambie ukweli: mwaka ule yalifika wapi? Mkeka tu?

Mpwa wako.


Nyumbani
26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kazi yako nimeimaliza, na vipimo viko kwenye karatasi ya pili, nimevipigia mstari kwa rula ili wakubwa zako wasidhani vimeandikwa na mlevi. Kwetu, sentimita thelathini na nane. Kwa fundi cherehani, arobaini na moja. Kwa mwenyekiti wa mtaa, thelathini na tano. Yeye hata maji humwonea haya. Na kadhalika hadi darajani. Hakuna mahali yalipofika goti la mtu mzima. Nimekwangua kwa kisu changu cha kazi nyumba zote kumi na mbili, na wenye nyumba wawili hawanisalimii tena.

Umeuliza kama ilikuwa mkeka tu. Mkeka, na miguu ya kabati.

Nikusimulie jambo ambalo hukuuliza. Miaka miwili nyuma walikuja watu ng'ambo ya mto, wana ramani yenye eneo jekundu. Wakatafuta fundi rangi wa kupaka alama ya X milangoni. Ilikuwa kazi, na mimi ni fundi. Milango arobaini na mitatu. Kwenye mlango wa kumi na tisa mama mmoja alinishikia ndoo isimwagike, akanishukuru, akidhani nimekuja kumpakia mlango upya. Wiki tatu baadaye lilikuja tingatinga. Ukipita pale leo utaona vizingiti tu, vimejipanga kama meno ya chini.

Sina maana yoyote. Nasimulia tu.

Mjomba wako,
Brashi.


Ofisini
5 Machi

Mjomba wangu wa dhahabu,

Shikamoo! Umeniokoa. Kompyuta ya mkuu wangu ilikuwa imeupaka mtaa wenu wote wekundu. Nikasimama kikaoni, nikasema: kompyuta inakadiria, mtu mwenye futi anapima. Nikaweka karatasi yako mezani. Wakauliza ni nani aliyepima. Nikajibu, "Mpimaji wa mtaani mwenye uzoefu wa kuta kwa miaka thelathini." Sikudanganya, ila sikusema kwamba mpimaji huyo alinifundisha kuendesha baiskeli. Mkuu akakuna kidevu, akasema sawa. Mtaa wenu ni kijani. Ramani imefungwa, imekwenda kwa wahusika.

Sasa ninaweza kukuambia ni ya nini. Ni ya tahadhari. Mvua ikizidi huko juu, kila mtu aliye kwenye eneo jekundu atapata ujumbe kwenye simu siku moja kabla, na gari litatumwa kuwachukua wasioweza kutembea. Tuna orodha ya watu hao, nyumba kwa nyumba. Nikupe siri: jina la Bibi lilikuwa la kwanza, niliweka mwenyewe, sikupata usingizi nikimfikiria kitandani na maji yakiingia. Juzi nimelifuta kwa mkono wangu, nikacheka peke yangu kama kichaa. Jinsi ninavyoshukuru kwamba hayuko hatarini!

Huku wanasema mvua za mwaka huu zitakuja mapema na zitakuwa nzito. Zije tu.

Mpwa wako mwenye furaha.


Nyumbani
9 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikaificha chini ya debe Bibi yako asiione sura yangu.

Vipimo vile ni vya uongo.

Nilipima kweli. Nilikwangua, nikaona tope, nikaandika. Kisha nikakaa na ile karatasi, nikaona milango arobaini na mitatu, nikaandika karatasi nyingine. Nilidhani nyekundu ni tingatinga. Sikujua kama nyekundu ni gari la kumchukua mama yangu. Ungeniambia! Au mimi ningekuambia. Tumefichana kama watoto wanaocheza, na aliyebaki nje ni bibi kizee asiye na mguu.

Za kweli ni hizi. Kwetu, mia na kumi na nne. Kwa fundi cherehani, mia na kumi na nane. Kwa mwenyekiti, mia na tisa. Nyingine zimo nyuma ya ukurasa huu, ndizo zile za mwanzo, hata wino ni ule.

Na mkeka haukuwa mkeka. Siku ile nilipandisha meza juu ya kitanda, nikampandisha mama juu ya meza, wakati huo alikuwa bado na miguu miwili, nikasimama majini nimeikumbatia ile meza isielee, saa tisa mfululizo. Alinisimulia habari za harusi yake mwanzo mpaka mwisho ili nisilale. Sikukuandikia ukweli kwa sababu ulikuwa na mitihani. Ukafaulu, nikaona nilifanya vizuri.

Kuna baya zaidi. Nilitangaza. Nilipokutumia karatasi ile nilipita nyumba kwa nyumba nikijigamba: tulieni, mpwa wangu yuko huko kwenye ramani, nimelishughulikia, sisi ni kijani. Fundi cherehani alikuwa amekataa kazi ya sare za shule mia mbili kwa sababu ya kuogopa msimu wa mvua. Aliponisikia akaikubali. Kitambaa kimejaa mpaka chini ya kitanda chake. Ananiita Waziri wa Maji.

Jana usiku mvua haikunyesha hapa hata tone, na mto umepanda kidole kimoja. Nimechora alama kwenye nguzo ya daraja. Naogopa, mwanangu. Nimezeeka na mto huu, sijawahi kuuona ukipanda kimyakimya hivi.

Mrudishe Bibi yako kwenye orodha.

Mjomba wako.


UJUMBE KWA SIMU YA FUNDI CHEREHANI

11 Machi, saa nne asubuhi
Shikamoo mama. Mimi ni mpwa wa fundi rangi. Barua zinachelewa, tafadhali msomee haya neno kwa neno. Mjomba, barua nimeipata. Nina mengi ya kukuambia na utayasikia, si leo. Nimekwenda kwa mkuu. Nimesema mpimaji ni mjomba wangu na vipimo si vya kweli. Amesema ramani haifunguliwi mpaka kamati ipime upya, siku tano za kazi. Nimemwambia mto haujui siku za kazi. Amenitoa nje. Milimani mvua haijakatika siku ya tatu. Picha ya alfajiri ya leo: bonde lote la juu jeusi. Maji hayo hayana njia nyingine, yanakuja kwenu. Mtoeni Bibi.

11 Machi, saa tano
Marahaba mwanangu. Nimemsomea. Amekaa kwenye kizingiti changu amekuwa mweupe kama chokaa. Lakini si alituambia sisi kijani? Mto nauona nikiwa hapa mashineni, uko palepale, bata wanaoga.

11 Machi, saa tano na nusu
Mama, mto unaouona ni wa leo. Wa keshokutwa uko milimani. Tulioukosea mtaa wenu ni sisi wawili, mimi na yeye. Waambie majirani. Kwenu hautakuja ujumbe wowote wala gari, kwa sababu mko kijani. Wasisubiri kuambiwa.

12 Machi, saa saba mchana
Mwanangu mjomba wako kapagawa. Tangu asubuhi anapita na ndoo ya rangi nyekundu anapiga mstari kuta za nje, kweupe watu wanamwona. Anasema hapa ndipo yalipofika, nilikuwa nawafunikia. Mwenye nyumba ya tano kamkunja shati. Kaambiwa, "Unaniharibia nyumba!" naye kajibu, "Nimeiharibu miaka mingi, leo ndiyo naitengeneza." Kwangu mstari unanifika kifuani. Nilicheka, kisha nikaacha. Nusu ya mtaa wanafunga mizigo. Mwenyekiti anasema anasubiri barua rasmi.

12 Machi, saa saba na robo
Na wewe mama? Unafunga?

12 Machi, saa nane
Nimepandisha mashine na sare zote juu ya majukwaa ya mjomba wako ya kupakia rangi, mkono mzima juu ya mstari. Maji yakija yatapita chini yaniache nashona. Nimebakisha vifungo. Shule wanakuja Jumatatu.

12 Machi, saa nane na dakika mbili
Mama nakuomba. Mstari ni wa maji ya miaka mitatu iliyopita. Unasema yalipofika, hausemi yatakapoishia. Usijipime nao. Toka.

12 Machi, saa mbili usiku
Usinigombeze na mimi kama mjomba wako. Kesho natoka.

13 Machi, saa nne asubuhi
Bibi ametoka? Kipimo cha mto kule milimani kimepanda mita mbili tangu jana jioni. Nijibuni.

13 Machi, saa sita mchana
Anatoka sasa hivi! Tumeng'oa mlango wenu bawabani tukamlaza juu yake, wanaume wanne na mjomba wako mbele. Anawatukana kwa zamu, hakuna aliyebaguliwa. Wanakwenda shule ya juu kilimani. Binti yangu kabeba godoro. Maji yako barabarani, ya kifundo cha mguu tu, lakini yana haraka sijawahi kuona. Nachukua kilichobaki nawafuata.

13 Machi, saa sita na dakika kumi
Acha kilichobaki. Wafuate sasa.

13 Machi, saa saba
Mama umeshafika shuleni?

13 Machi, saa saba na nusu
Mama?

13 Machi, saa nane
Kipimo cha darajani kwenu kimeacha kusoma. Hakijasema sifuri, kimeacha kusema. Jibu hata herufi moja.

13 Machi, saa tisa
Kama simu iko na mtu mwingine, tafadhali andika tu kwamba mko wazima.

14 Machi, saa moja asubuhi
Sasa haiiti hata kuita. Njia zimefungwa, nimefika mpaka kituo cha mabasi nimerudishwa. Setilaiti itapita juu yenu keshokutwa. Sitaki kuiona picha hiyo.


Shule ya juu, chumba cha darasa la nne
19 Machi

Mpwa wangu,

Bibi yako ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua macho yako yatakimbilia wapi. Amelala kwenye madawati manne yaliyounganishwa, anamlaumu aliyeyatengeneza. Ana kikohozi. Muuguzi amempima kifua, anasema si kibaya.

Fundi cherehani hatujampata.

Nitaandika kama ilivyokuwa, maana nimeona jinsi ninavyoandika nikipewa nafasi ya kupamba. Tulipomfikisha mama hapa ilikuwa inakaribia saa saba. Binti wa fundi cherehani, yule mkubwa anayesomea ualimu, akatua godoro, akahesabu watu, akaniuliza mama yake yuko wapi. Nikasema anakuja nyuma yetu. Nilikuwa sijageuka nyuma hata mara moja, mwanangu. Nilikuwa natazama miguu ya wale walioubeba mlango.

Tukashuka mbio, mimi na yeye. Pale kwenye bomba la maji yalitufika magotini. Hatua ishirini mbele, kiunoni, na sauti yake ilikuwa ya lori linalorudi nyuma bila kukoma. Kuanzia hapo unaona mtaa wote. Niliitafuta mistari yangu. Nilikuwa nimeipiga kwa mkono uliotulia, sawasawa, kwa kamba. Sikuuona hata mmoja. Maji yalikuwa yamekwisha kuipita, kila nyumba, kana kwamba hayakujua kuwa kuna mtu aliyeyawekea mpaka. Kwenye nyumba ya pili paa lilikuwa linaonekana, na kipande cha dirisha. Mashine ilikuwa bado inalia. Au nilidhani inalia. Binti akaita. Mimi nikaita. Wanaume wakatuvuta mashati kwa nyuma, na nikashukuru kuvutwa. Hilo nalo naliandika.

Watu wengi walitoka, mpwa wangu. Wanasema ni kwa sababu ya mistari. Mwenye nyumba ya tano amenishika mkono mbele ya watu, yuleyule aliyenikunja shati, na nimeshindwa kuutazama uso wake. Yeye alitoka mapema akiogopa mstari. Fundi cherehani aliutazama mstari huohuo akaona pa kuweka mashine. Mara ya kwanza nilimdanganya. Mara ya pili nilimwambia kweli, na kweli yenyewe ilikuwa fupi kwa nusu mita na zaidi.

Juzi jioni, kabla hawajagawa mablanketi, nilisimama mbele ya ubao. Darasa lilikuwa limejaa mpaka dirishani. Nikawaambia yote: karatasi mbili, ramani, kijani, nani aliandika nini. Nilidhani watanipiga, na nilikuwa nimeshavua miwani. Hakuna aliyesimama. Mwenyekiti alikohoa. Mtoto mmoja alicheka akazibwa mdomo. Bibi yako, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, aligeuka akatazama ukuta. Sijawahi kuogopa kitu kama mgongo ule. Hata maji sikuyaogopa hivyo.

Binti wa fundi cherehani ndiye aliyezungumza, akiwa amekaa palepale chini.

"Na kwetu ulipima?"

"Nilipima."

"Ukapata ngapi?"

"Mia na kumi na nane."

"Ukaandika ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei. Akasema, "Kesho maji yakitoka tunashuka, wewe na mimi. Na futi uje nayo."

Jana tulishuka. Tope limefika juu ya vifundo na lina harufu ya mafuta ya taa. Mlango wa kwao ulikuwa wazi. Jukwaa limelala ubavu, sare zimeshikana ukutani kama karatasi zilizolowa, mashine iko chini ya dirisha. Yeye hayumo. Dirisha lilikuwa limesukumwa kwa nje, na binti alilitazama dirisha hilo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Sikumuuliza anafikiri nini. Waokoaji wako kwenye kingo za chini, kule mto unakopinda, na kila wakirudi anakwenda kuwapokea getini.

Kisha akaniambia nitoe futi. Nikaitoa. Akapiga magoti kwenye tope, akachukua ncha yake, akafukua kwa vidole mpaka akagusa ardhi yenyewe, akaibana kwa kidole gumba. Mimi nikavuta juu mpaka kwenye mstari mpya. Akauliza ngapi, nikasoma. Akasema soma tena. Nikasoma tena. Akasema, "Mwandikie mpwa wako. Nikiwa naona."

Najua kwamba kwa barua hii mkuu wako anaweza kukufukuza, na mimi wanaweza kunishtaki, na mtaa wetu unaweza kupakwa rangi nitakayoitwa mimi mwenyewe kuipaka. Ipeleke hivyohivyo. Usipunguze neno wala tarakimu. Ukiulizwa mpimaji ni nani, sema ni ndugu yako, na kwamba safari hii hakuwa peke yake.

Basi naandika, naye amesimama nyuma ya bega langu:

Nyumba ya pili kutoka kona ya mto. Nyumba ya fundi cherehani.
Mafuriko ya miaka mitatu iliyopita, kutoka ardhini: sentimita mia na kumi na nane.
Mafuriko ya tarehe 13 Machi, kutoka ardhini: sentimita mia mbili na tatu.

Nimepima mimi, mjomba wako.
Aliyeshika futi chini: binti yake.